Baiskeli ya Mbio: Uiongezee Vipuri au Ununue Nyingine?

Hamu ya kubadilisha baiskeli humjia mtu siku anayoachwa mlimani. Wenzako wa Jumapili wamekuja na fremu za kaboni, breki za diski na gia zinazobadilika kwa betri. Wewe bado uko na ile ya aluminiamu uliyoipata kwenye mtumba, stika ya duka la Ulaya ingali imeganda kwenye fremu. Jioni unafungua simu, unaanza kutazama bei. Iweke simu chini kidogo. Chukua karatasi uandike, kwa sentensi moja, kitu kinachokukera kwenye baiskeli uliyo nayo.

“Imechakaa” si jibu. “Magoti yananiuma nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto” ni jibu. “Mikono inakufa ganzi baada ya saa moja,” “breki hazishiki mvua ikinyesha,” “cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu”: hayo nayo ni majibu, kila moja lina dawa yake, na nyingi ya dawa hizo ni nafuu kuliko baiskeli mpya. Ukikuta huna la kuandika isipokuwa kwamba ya mwenzako inang’aa, hilo si kosa. Watu hununua vitu kwa sababu wamevipenda. Ila liite kwa jina lake, usije ukajidai unanunua kasi.

Huduma kabla ya hukumu

Baiskeli nyingi zinazoitwa mbovu zina uchafu tu. Kabla hujaamua lolote, mpelekee fundi unayemwamini au kaa nayo mwenyewe: nyaya mpya za breki na gia pamoja na maganda yake, raba mpya za breki, gololi na grisi kwenye hapu, spoki zikazwe mpaka rimu inyooke. Nyaya hasa. Waya unaosuguana na ganda lililojaa vumbi jekundu hufanya breki nzuri iwe nzito na gia nzuri iwe ya kubahatisha, na mwenye baiskeli huishia kumlaumu aliyeitengeneza kiwandani.

Kisha pima cheni. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya 24 baada ya ile uliyoanzia inapaswa kuangukia kwenye inchi 12 kamili. Chukua tepu ya seremala, weka sifuri katikati ya pini, usome. Pini ikiwa imepita inchi 12 kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha cheni bila kungoja. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, kaseti nayo imeshaliwa, na ukifunga cheni mpya juu ya meno hayo itaruka vilevile. Watu wengi hutupa lawama kwa baiskeli nzima wakati tatizo lilikuwa cheni ambayo haikupimwa tangu ilipofungwa.

Baada ya hapo iendeshe wiki mbili tatu kwenye njia zako za kawaida, halafu urudi kwenye ile karatasi. Kama sentensi yako imefutika, umeokoa pesa nyingi.

Fremu inasemaje

Sentensi ikibaki, sasa igeukie fremu. Fremu ni kiwanja: utabomoa na kujenga juu yake utakavyo, lakini mipaka yake ilishapimwa. Kwa hiyo kabla ya kununua hata boliti moja, jua kiwanja hicho ni kizima, na kinaruhusu nini.

Ioshe, ikauke, itazame juani. Kwenye aluminiamu, pitisha jicho na kucha kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa pale bomba la chini linapokutana na bomba la mbele, kuzunguka beringi za katikati, na chini ya kibano cha bomba la kiti. Mstari mweusi mwembamba unaorudi kila ukiufuta ni ufa. Aluminiamu iliyopasuka usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti. Fremu hizo hupashwa moto kwa utaratibu maalumu kiwandani ili zipate nguvu, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo papo hapo kando ya kiraka. Hapo mjadala umekwisha, fremu hiyo imekufa.

Chuma kina huruma zaidi. Kikipinda kidogo hunyooshwa, kikipasuka fundi mzuri hukiunga. Adui wake ni kutu ya ndani, na kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja adui huyo hapumziki. Toa bomba la kiti, geuza fremu, uone kama unga wa kutu unamwagika. Na hapohapo utagundua jambo jingine: je, bomba la kiti linatoka? Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, likikosa grisi na likipata hewa ya chumvi, huungana na fremu kana kwamba vimezaliwa pamoja. Fremu isiyokubali kiti kipande wala kishuke haifai kutumbukiziwa pesa hadi bomba hilo litoke.

Kaboni igonge polepole kwa sarafu ukisikiliza. Mlio mkavu ukigeuka ghafla kuwa mzito, kama wa kitu laini, mahali hapo pana mashaka. Uma wa mbele wa kaboni uliokwisha kugonga gari au shimo kubwa sibishani nao, naubadilisha. Uma ukikatika, hupati muda wa kufunga breki.

Fremu ikiwa nzima, zipo namba tatu za kuzijua. Ya kwanza ni nafasi ya tairi: kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki, pabaki angalau milimita nne kila upande. Ya pili ni upana wa nyuma mahali ekseli inapokaa. Baiskeli nyingi za breki za rimu zina milimita 130. Zile za chuma za zamani zenye gia sita au saba nyuma zina 126. Fundi anaweza kuipanua fremu ya chuma kutoka 126 hadi 130, milimita mbili kila upande, na ikakubali hapu za siku hizi. Aluminiamu na kaboni haziguswi kwa namna hiyo hata kidogo. Ya tatu si namba hasa: tazama kama fremu na uma vina mahali pa kufungia breki za diski. Kama hapapo, hapatakuwapo. Hakuna kipuri cha kuongeza kitakachoigeuza fremu ya breki za rimu kuwa ya diski kwa usalama, na anayekuambia vinginevyo anataka kuuza.

Namba hiyo ya tatu ndiyo inayokata mashauri mengi. Vifaa vipya vinakwenda upande wa diski; Shimano 105 ya gia 12, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya diski tu. Ukiwa na fremu ya breki za rimu na ndoto yako ni vifaa hivyo, unachohitaji ni baiskeli nyingine. Lakini kama huna ndoto hiyo, usitishwe. Breki za rimu zenye raba nzuri na nyaya safi zimewashusha watu milimani kwa miongo mingi, na spea zake ziko hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Tairi, mahali pesa kidogo inapofanya kazi kubwa

Kama nina ruhusa ya kukushauri kitu kimoja tu, basi ni tairi. Baiskeli za miaka ya 2000 zilikuja na tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo wa psi 110 na zaidi, zikawa ngumu kama jiwe. Siku hizi hata wale wa mashindano makubwa wanatumia milimita 28 na kuendelea, kwa upepo mdogo zaidi, kwa sababu barabara halisi si kioo: tairi ngumu inarushwa juu na kila kokoto, na nguvu yako inaishia kwenye mtikisiko. Kwenye lami zetu zenye viraka na matuta tofauti hiyo unaisikia mgongoni kabla hujaisikia miguuni. Breki nyingi za rimu za kawaida hukubali milimita 25, na nyingi hufika 28. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi za 28 anaweza kuanza na psi 70 na ushee, kisha aongeze au apunguze kidogo kidogo.

Soma ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa. Baiskeli ya mbio ya kisasa hutumia kipimo cha 622, yaani utaona kimeandikwa 25-622 au 28-622. Baiskeli kadhaa za zamani zilizoandikwa inchi 27 zina 630. Na tairi ya inchi 28 ya Phoenix, ile ya kubebea magunia, ni 635. Muuzaji aliyechoka atakupa yoyote kati ya hizo akisema “hii ndiyo yake,” na utaijua nyumbani inapokataa kuingia au, vibaya zaidi, inapochomoka rimu ukiwa njiani. Fremu ya chuma ya inchi 27 inaweza kufungwa rimu za 622 ikiwa raba za breki zinashuka milimita nne; zipime kwanza.

Ukifunga tairi nzuri na mikono ikaacha kufa ganzi, ile karatasi imepungua mstari mmoja.

Magoti, mlima na meno ya gia

Sasa kwa yule wa Mombo hadi Lushoto. Maumivu ya magoti kwenye mlima mara nyingi ni suala la hesabu. Baiskeli nyingi za mtumba zilitoka nchi tambarare, au zilikuwa za mtu aliyeshindana: mbele meno 53 na 39, nyuma kaseti inayoishia 25. Kwenye gia nyepesi kabisa ya baiskeli hiyo, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 3.28 hivi. Mlima ukikulazimisha kwenda kilomita 8 kwa saa, unakanyaga mara 41 tu kwa dakika, kila kanyago likiwa kama kupanda ngazi na ndoo kichwani. Badilisha iwe 34 mbele na 32 nyuma: mzunguko mmoja ni mita 2.23, na kwa kasi ileile unakanyaga mara 60. Mlima haujapungua, ila magoti yamepumzishwa.

Utafikaje huko? Hapa fundi asiyejua atakupoteza. Gia za mbele za 53 na 39 kwa kawaida zimefungwa kwenye krenki yenye duara la boliti la milimita 130, na duara hilo halishuki chini ya meno 38. Ile 34 inataka krenki ya duara la 110. Kwa hiyo chaguo ni mbili: ununue krenki nzima ya 50 na 34, ambayo kwenye mtumba ipo, au uanze nyuma kwa kaseti kubwa zaidi, na mara nyingi hilo la pili ni nafuu.

Kaseti kubwa inahitaji kibadilisha gia cha nyuma chenye mkono mrefu. Kama leva zako ni za Shimano za gia 8 au 9, kuna njia ya mkato ambayo mafundi wazoefu wanaitumia: kibadilisha gia cha baiskeli ya milimani cha Shimano cha gia 9 kinasomana na leva hizo bila kulalamika, na kinabeba kaseti ya 11 hadi 34. Zingatia hiyo namba 9. Cha milimani cha gia 10 kinavuta waya kwa kipimo kingine, gia hazitakaa sawa hata umchoshe fundi siku nzima.

Na jihadhari na kishawishi cha kurukia gia 11. Kaseti ya barabara ya Shimano ya gia 11 ni pana kwa milimita 1.85 kuliko hapu ya gia 8, 9 au 10 inavyoweza kubeba. Ina maana leva mpya, vibadilisha gia vipya, cheni mpya, kaseti mpya, na gurudumu jipya la nyuma. Mtu anaanza akitaka “gia moja zaidi” anajikuta amenunua nusu ya baiskeli na kuifunga kwenye fremu ya zamani. Hata hivyo gia 9 zilizopangwa vizuri zinapanda mlima uleule.

Uzito nauzungumzia haraka kwa sababu unatajwa kupita kiasi. Wewe kilo 70, baiskeli kilo 10, jumla 80. Ukipunguza kilo moja kwenye baiskeli, kwa nguvu zilezile, mlima unaokuchukua saa nzima utapungua kama sekunde 45. Kwa anayeshindana, sekunde 45 ni nyingi mno. Kwa anayekwenda kunywa chai Lushoto, amua mwenyewe zina thamani ya kiasi gani cha pesa.

Hesabu ya pesa

Gawanya vile unavyotaka kununua katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitakavyohamia kwenye baiskeli ijayo: pedali, viatu, kiti kinachokufaa, pampu, taa, hata tairi. Hivyo nunua bila hofu, hata kama unapanga kubadilisha baiskeli mwakani. Fungu la pili ni vitakavyobaki na fremu hii: magurudumu ya breki za rimu, krenki, leva, vibadilisha gia. Hapo uwe bahili. Kosa ghali ninaloliona mara kwa mara ni magurudumu ya bei mbaya ya breki za rimu, yakinunuliwa na mtu ambaye moyoni ameshaamua baiskeli yake ijayo ni ya diski.

Jumlisha fungu la pili, ongeza kazi ya fundi na usafiri wa mizigo kama unaagiza, kisha ulinganishe na bei ya baiskeli nzima ya mtumba iliyo hatua moja juu ya yako. Baiskeli nzima karibu kila mara ni rahisi kuliko vipuri vyake ukivinunua kimoja kimoja. Mimi huweka mstari kwenye nusu: fungu la pili likizidi nusu ya bei ya baiskeli hiyo nyingine, naacha kuongeza vipuri na kuanza kukusanya pesa. Huo ni mstari wangu, uusogeze ukitaka, ila uuweke kabla hujaingia dukani.

Upande wa pili wa hesabu husahaulika. Baiskeli mpya ina gharama zake za kuishi nayo. Breki za diski za mafuta zinahitaji kutolewa hewa kwa mafuta yake maalumu. Shimano hutumia mafuta ya madini, na ukiweka ya DOT umeharibu raba za ndani. Gia za umeme zinataka chaji. Beringi za katikati zinazosukumizwa ndani ya fremu bila nyuzi zinataka kifaa chake, wala si nyundo. Cheni ya gia 8 utaipata katika mji mdogo. Ya gia 12 huenda ukaiagiza na kuingoja wiki kadhaa. Kama fundi aliye karibu nawe hajawahi kufungua breki ya mafuta, ama wewe ujifunze, ama baiskeli ya zamani iendelee kula chumvi.

Wakati wa kuiachia

Pamoja na yote hayo, ziko baiskeli za kuachana nazo. Iliyopasuka fremu, bila shaka. Na ile isiyokutosha.

Hili la pili linanikera kwa sababu watu hulivumilia miaka. Mtumba haukuulizi urefu wako, unachukua iliyopo. Kufupisha stemu kutoka milimita 110 hadi 80 huokoa wengi, na ni kazi ya dakika chache. Lakini kama umeshafika 80 au chini yake, kiti umekisogeza mbele hadi mwisho wa reli, na bado unajinyoosha kama anayechuma embe la mbali, fremu ni ndefu kuliko mwili wako. Usiiongezee kitu. Gia mpya kwenye fremu isiyokutosha ni pesa iliyotupwa, na shingo itakukumbusha kila Jumapili jioni.

Iachie pia kama matumizi yako yamehama. Mtu aliyeanza na lami akahamia barabara za changarawe anahitaji tairi za milimita 38 au 40, na fremu ya mbio ya breki za rimu haitazipokea. Yuko pia anayeshuka sana kwenye mvua, sema anayeishi Kigali na kila safari yake ni kilima juu kilima chini. Breki za diski kwake zina maana halisi, kwa sababu zinashika vilevile rimu zikiwa zimelowa, na rimu zake haziliwi na mchanga unaonaswa kwenye raba. Rimu zilizoliwa zenyewe ni ishara: pitisha kidole pale raba inaposugua, ukihisi bonde limezama, rimu hiyo ina siku chache kabla ya kupasuka kwa upepo wa tairi. Ukikuta rimu zote mbili hivyo, cheni na kaseti zimekwisha na leva zinalegea, yote kwa wakati mmoja, jumlisha fungu la pili upya. Huenda nusu umeshaivuka.

Siku ya kwenda kutazama nyingine, nenda asubuhi kwenye mwanga, na usiende na pesa yote mfukoni. Beba funguo za aleni, tepu, pedali zako na viatu vyako. Nyumbani pima kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti, na kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, kwenye baiskeli yako ya sasa baada ya kuirekebisha ikukae vizuri. Hivyo ndivyo vipimo vya kulinganisha, maana namba iliyoandikwa kwenye fremu, 54 au 56, kila kiwanda huipima kwa njia yake. Tazama namba ya fremu chini ya beringi za katikati. Ikiwa imekwanguliwa, shukuru na uondoke, mwenyewe anaitafuta. Ifanyie ukaguzi uleule wa nyufa, wa bomba la kiti, wa cheni na wa rimu ulioifanyia yako. Kisha omba kuiendesha, tena mlimani, kwa nusu saa na si kuzunguka kituo cha mafuta. Muuzaji akikataa, muachie kitambulisho au rafiki yako kama dhamana. Akiendelea kukataa, iko nyingine. Ukirudi mikono ikiwa haijafa ganzi na gia hazijaruka hata mara moja, hapo ndipo muanze kuzungumza bei.